Mawe Matano ya Mjomba Faraji

Ninyi watu wa baraza ya kahawa mna haraka mno. Mara tatu nimeanza kuwasimulia, mara tatu mmenikatiza kabla sijafika hata Makambako. Mmoja anauliza habari za kuku, mwingine anacheka kabla ya kichekesho chenyewe, na Fundi Rajabu ndiyo kwanza ananyanyuka kwenda kutafuta kashata. Basi nimekaa chini nikaandika, maana karatasi haikatizwi.

Mliniona Jumapili ndani ya maji ya Ruaha Mdogo, suruali nimeikunja hadi mapajani, wavu begani, mimi Shabani fundi cherehani, ambaye hata beseni la kuogea huliingia kwa tahadhari. Mkauliza kimenipata nini. Kimenipata hiki.

Mjomba wangu Faraji, ndugu wa pekee wa mama yangu, alivua samaki huko bonde la Usangu tangu ujana wake mpaka alipofariki. Msiba ulipotufikia, mimi nilikuwa kitandani na homa, na mama miguu yake haimpandishi hata kilima cha sokoni. Hatukuwahi mazishi wala matanga. Baadaye zikaja salamu kutoka kwa mkewe, Bi Tatu, aliyekuwa amehamia kwa kaka yake Mbeya mjini. Matanga yameanuliwa, vitu vya marehemu vimegawanywa, na wavu ni wa Shabani.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Mtu wa Iringa, juu kilimani, kurithishwa wavu! Mama hakucheka. Aliniambia niende nikauchukue wavu wa ndugu yake, niulete kama ulivyo, nisipunguze kitu, na niwe nimerudi Ijumaa ya wiki inayofuata, siku ya hitima.

"Nataka uwe hapa mkekani ninapomsomea ndugu yangu," alisema.

"Najua, mama."

"Hujui. Huo ndio ugonjwa wako, Shabani, kujua."

Nikamjibu kwamba hilo nalo nalijua. Nikafunga safari.

Iringa mpaka Mbeya, na jinsi nilivyokataliwa mahindi

Niliondoka Jumamosi alfajiri juu ya lori la chumvi. Dereva aliapa kwamba jioni tutakunywa chai Mbeya. Jioni ile tulikunywa chai Makambako, na siku ya pili tukakwama mahali pasipo hata jina. Gurudumu lilipasuka, na lile la akiba lilikuwa limepasuka tangu mwezi uliopita, jambo ambalo dereva alilijua vizuri ila hakuona sababu ya kutusumbua nalo.

Njaa ikanitoa kwenye chumvi, nikaingia kijijini. Nikatoa salamu yangu ya "kamwene" kwa heshima zote, nikaitikiwa kwa heshima zote. Mara nikaona akina mama wanaingiza watoto ndani, na mahindi yaliyokuwa yakichomwa yakaondolewa motoni nikiyatazama. Nikamuuliza mzee mmoja aliyevaa koti la jeshi kama naweza kupata chakula. Akanijibu kwamba hawana chakula, hawana shamba la kutoa, na hawahami. Nikashangaa sana, maana sikumwomba ahame.

Ndipo nilipojishika shingoni. Utepe! Huu utepe wa kupimia nguo ninaouvaa kutwa mpaka nasahau kuuvua, nilikuwa nimetoka nao Iringa ukining'inia kifuani. Watu wale walidhani nimetumwa kuwapimia ardhi yao, na siku hizi mpima ardhi akija kijijini hakuna anayemkaribisha chai. Nikaapa kwa kila kiapo ninachokifahamu. Hawakusadiki. Mwisho nikamzungushia yule mzee utepe kifuani bila ruhusa yake, nikamwambia koti lake linambana makwapa na nikimfumulia mishono miwili atapumua. Akalivua. Nikafumua, nikashona upya palepale. Akalivaa, akanyoosha mikono huku na huku, akapumua.

Basi tena. Nililetewa mahindi, nikaletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na gurudumu lilipokuwa tayari mimi ndiye niliyekuwa nikisubiriwa, kwa kuwa nilikuwa bado nafupisha suruali ya nne.

Mbeya

Baridi ya Mbeya haina adabu. Inaingia nguoni bila hodi, na mlima Loleza umesimama pale juu unakutazama unavyotetemeka. Bi Tatu, huyo mkaza mjomba wangu, nilimkuta kwa kaka yake, mama mfupi, mpole, mwenye kuongea polepole kama anayechagua mchele. Tulilia kidogo, kama inavyopasa. Kisha akanipakulia ndizi zilizopikwa na nyama, akaanza kunisimulia jinsi mjomba alivyokuwa akikoroma kule kambi ya wavuvi mpaka viboko wakamwitikia mtoni, na yeye akawa anampiga kiwiko ili viboko walale. Tukacheka sana, naye akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Wavu ulikuwa barazani. Juu yake ulikuwa na maboya ya mti mwepesi, kila moja limechongwa kwa umbo lake. Chini ulikuwa na chubwi za risasi za kuuzamisha, na katikati ya chubwi hizo palikuwa na mawe matano. Yamechongwa mfuo kiunoni ili kamba isiteleze. Manne yalikuwa ya ukubwa wa ngumi, na la tano dogo, mviringo, kama yai.

Mimi ni fundi, na fundi akiona kazi ya mwenzake lazima aitafutie kasoro. Nikajisemea, masikini mjomba, risasi ilimwishia akaziba pengo kwa mawe. Bi Tatu akalishika jiwe moja, akaanza, "Mwanangu, haya mawe..."

"Najua, mama," nikamwambia. "Ni ya kuzamishia wavu."

Baada ya chakula akajaribu tena, akasema mawe yale yana habari yake. Nikamwambia najua, nitayafunga vizuri yasigongane njiani. Yule mama mwenye heshima zake akanyamaza, kwa kuwa alidhani mama yangu amekwisha nieleza. Na mama yangu, kumbe, alidhani nitaelezwa na Bi Tatu. Katikati yao nilikuwepo mimi na "najua" yangu.

Mbeya mpaka Igawa, tukifuatwa na ndege

Jumanne nilipata lori la mchele la dereva mmoja aitwaye Komba, Mngoni mrefu, mtu wa maneno machache. Wavu nikautandika juu ya magunia, nikaukalia. Chimala tulisimama kupakia magunia mengine, nikala wali na kambale wa kukaanga, nikaongeza, nikaongeza tena. Nilipanda lorini kwa kusukumwa na utingo.

Tulipotoka Chimala ndege wakaanza kutufuata. Kwanza njiwa wachache, kisha kundi zima, wanatua nyuma yetu barabarani, wanaruka, wanatua tena. Abiria wenzangu wakastaajabu. Nikawaambia nazijua dalili hizi, ndege wakifuata msafiri ni baraka, huenda ni dua za mama yangu. Mama mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa na mikungu yake ya ndizi akaniomba nimwombee na yeye.

Igawa tukashuka kwenye joto lile la bondeni, na hapo baraka ikaonekana. Jiwe moja la mjomba lilikuwa likisugua gunia njia nzima mpaka likalitoboa, na nusu ya mchele wake ilikuwa imemwagika njiani tangu Chimala. Komba hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alisema tu kwamba mawe yashuke au wavu ushuke na mwenyewe.

Mwishowe nilisema maneno ambayo nikiyakumbuka nataka kujipiga kofi. Nilisema, "Mawe ni mawe tu." Nikatoa mkasi wangu wa kazi, nikakata kamba tano, nikayapeleka mawe kwa mama mmoja aliyekuwa akipika maharage kando ya barabara. Jina lake Mama Sekela, mama mnene mwenye kicheko. Nikayaweka karibu na moto wake, nikamwambia ni zawadi kutoka Mbeya. Akasema Mbeya anayoijua yeye watu huleta viazi. Nikashona gunia la Komba kwa mshono maradufu, tukaondoka, na moyo wangu mweupe kabisa.

Makambako

Tulipanda mlima polepole, injini ikilalamika, na asubuhi ya Jumatano nilikuwa Makambako nakunywa chai ya maziwa, wavu uko miguuni, nasubiri Komba amalize kupakua. Akaja mzee mmoja, Mbena, amevaa kofia ya pama, akasimama mbele ya wavu wala si mbele yangu. Akainama, akashika boya moja.

"Hili ni la Shabani," akasema.

Nikamuuliza Shabani amemjuaje. Akanionyesha boya lenyewe. Limechongwa kama kibiringo cha uzi. Mzee huyo aliitwa Mgaya, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyenunua samaki wa mjomba miaka na miaka. Akaanza kunitajia maboya moja moja. Hili la mama yangu, hili la Bi Tatu, na hili lenye mdomo wazi ni la mjomba mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akikoroma. Nilifurahi mno. Sikuwa nimejua kama mimi naelea majini Usangu miaka yote hiyo.

Kisha vidole vyake vikashuka kwenye kamba ya chini. Vikafika penye ncha zilizokatwa, moja, mbili, mpaka tano. Akaniuliza mawe yako wapi. Nikamwambia nimeyaacha Igawa. Mzee Mgaya akavua kofia, akakaa chini, hapohapo kwenye vumbi.

"Juu ni wazima," akasema. "Chini ni waliotangulia. Wewe umewaacha wapi watu wako?"

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya mjomba na wenzake wa kambi ile. Mtu wako akifa, unafungua boya lake, unakwenda mtoni kumtafutia jiwe, unalifunga chini ya wavu kwa mkono wako. Na kila unapotupa wavu unawataja wanavyozama, mmoja mmoja. Jiwe la kwanza ni babu, la pili bibi. La tatu ni Athumani, baba yangu mzazi. La nne ni Kalinga, Mhehe aliyekuwa mshirika wa mjomba mtumbwini. Na mrithi wa wavu ndiye anayepaswa kumtafutia jiwe mwenye wavu aliyekufa, kisha autupe mtoni akiwataja wote.

"Na lile dogo?" nikauliza.

Mzee Mgaya akatikisa kichwa. Lile hakuambiwa. Alikwisha kumuuliza mjomba mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa neno lilelile.

"Alisema, 'Huyo ni wa dada.'"

Dada ni mama yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hakucheka, na kwa nini alisema nisipunguze kitu. Nililia, jamani, siwafichi. Nililia mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai. Baba yangu mzazi nimemwacha Igawa kwenye maharage! Na nilipolitamka hilo kwa sauti kicheko kikanitoka katikati ya kilio, na Mzee Mgaya naye akacheka akiwa amekaa vumbini, tukawa wendawazimu wawili. Alipopata pumzi akasema atautunza wavu, mimi nirudi mbio, na Ijumaa atakuja nami Iringa, kwa kuwa hata yeye ana haki ya kumsomea rafiki yake.

Kushuka tena, mimi na mbuzi

Lori pekee lililokuwa likishuka lilibeba mbuzi. Dereva akasema mbele pamejaa, nikubali nyuma au ningoje kesho. Nikakubali nyuma. Sikuwa nimewahi kusafiri na watu wasiojali kiasi kile. Mmoja alinilalia, mwingine alikula ncha ya utepe wangu, inchi sita nzima, na hadi leo nikipima kiuno lazima nijumlishe. Kofia yangu ya kufuma waligawana wawili kwa amani. Nilijitahidi kuwaeleza kwamba nina msiba.

Tulikwama mtoni kwa saa nyingi, na nilifika Igawa Alhamisi asubuhi, kichwa wazi, nanuka beberu. Mama Sekela aliponiona akauliza kama safari hii nimemletea matofali.

Igawa

Nilimweleza yote. Akaacha kucheka, akashika kifua, akasema angejua angeyawekea kitambaa. Lakini mawe mazuri hayakai bure mahali penye kazi, na yale yalikuwa yamekwisha pata ajira.

La kwanza lilikuwa palepale, juu ya kifuniko cha chungu, linazuia maharage yasifurike. Huyo, kwa alama ambazo Mzee Mgaya alinieleza Makambako, alikuwa babu. Alikuwa wa moto sana.

La pili lilikuwa kwa jirani yake, linapondea karanga. Jirani akakubali kulitoa, ila baada ya karanga kwisha, na karanga zilikuwa nusu debe. Basi nilikaa chini nikaponda karanga kwa bibi yangu mzaa mama, nikimwomba radhi kila nilipomshusha.

La tatu lilikuwa kwenye mizani ya muuza vitunguu. Huyu hakutaka kusikia. Alisema tangu alipopata jiwe lile wateja wameacha kumnung'unikia, kwa hiyo nikitaka kulichukua nimletee la uzito uleule. Nilikwenda mtoni Mbarali mara tatu. La kwanza zito, la pili jepesi, la tatu mizani ikasimama sawasawa bila hata kutikisika. Baba yangu alikuwa mtu wa kipimo katika uhai wake. Sikushangaa kumkuta pale.

La nne, yaani Kalinga, lilikuwa limezuia gurudumu la lori lililoharibika breki, na dereva amelala kivulini mwa lori hilohilo. Nikaweka gogo, nikamtoa Kalinga taratibu. Lori likasogea kidogo, likafikiri, likatulia.

Lile dogo halikuwepo. Mama Sekela hakukumbuka. Tulipekua kuni, majivu, gunia la mkaa, tukauliza kila mtu. Jua likawa linapanda, na lori la kuniwahisha lilikuwa linajaza maji. Nikaenda mtoni kumtafutia mjomba jiwe lake, na hilo lilinijia haraka. Jiwe pana, lina tundu upande mmoja kama mdomo uliofunguka. Nikalibusu, nikamwambia kukoroma sasa basi.

Na nikiwa pale mtoni shetani akanijia. Miguuni pangu palikuwa na kokoto nyeupe, mviringo, kama yai. Nani atajua? Mama hakuwahi kuliona jiwe lile, Mzee Mgaya anaona kwa shida, na mwenye kulichagua amekufa. Nikaiokota, nikaitia mfukoni. Nilipotembea ikawa inanigonga pajani, na kila inaponigonga najiambia mawe ni mawe tu, na naona haya.

Nilikuwa nimekwisha weka mguu kwenye lori Mama Sekela aliponikimbilia na yai la kuchemsha la kulia njiani. Akajisifu kwamba ni yai la leo. Alisema kuku wake mwekundu alikuwa amegoma kutaga wiki nzima, anazurura tu, mpaka juzi alipomdanganya.

"Ulimdanganya na nini?"

"Nilimwekea kijiwe kiotani, adhani ni yai lake. Leo si katag..."

Hakumaliza. Tulikimbia wote wawili, Mama Sekela mbele, na kwa unene wake alinishinda.

Kuku alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kwenye kikapu kilichovunjika. Nikapeleka mkono, akanidonoa. Nikapeleka tena, akanidonoa palepale. Utingo anapiga honi, mimi nambembeleza kuku. Mwishowe nikafumba macho nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa yai. Nikalirudisha. Nikaingiza tena, na safari hii vidole vikagusa mfuo uliochongwa kiunoni.

Lilikuwa la joto. Jiwe dogo lile lilikuwa na joto kiasi kwamba nilisimama nalo kiganjani nikaisahau honi ya lori. Kisha nikatoa ile kokoto yangu ya uongo mfukoni, nikamwekea kuku. Akaigeuza kwa mdomo, akaikalia. Yeye hana tabu kama zetu.

Iringa

Safari ya kupanda sina la kuisimulia, isipokuwa kwamba haikuharibika kitu, na hilo lilinitisha njia nzima. Makambako Mzee Mgaya alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, yeye Mlutheri, akisema kwenye hitima ya rafiki yake hataki kuonekana mgeni. Wavu aliupakata kama mtoto. Juu ya lori nilitoa sindano yangu nene na uzi wa turubai, nikayafunga mawe upya, naye ananitambulisha mmoja mmoja. La mjomba nikalifunga mwenyewe, na boya lake lenye mdomo wazi nikalifungua kwa mkono wangu. Jiwe dogo sikulifunga. Sijui kwa nini, nilikuwa nimelitia ndani ya shati, kwapani, tangu Igawa, na sikuona sababu ya kulitoa.

Tulifika Ijumaa watu wakitoka msikitini. Mama alikuwa mkekani. Hakuuliza habari za njiani, hakuuliza kofia yangu iko wapi, wala harufu ya mbuzi hakuisema. Aliomba wavu. Tukautandaza mapajani mwake, na vidole vyake vikapita kwenye kamba ya chini, Mzee Mgaya akitaja: baba yako, mama yako, mumeo, Kalinga, na huyu Faraji mwenyewe. Kwa Faraji mama aliingiza kidole kwenye lile tundu, akatabasamu, machozi yakamdondoka juu ya nyuzi. Boya lake nikampa, akaliweka chini ya mto wake.

Kisha vidole vikafika mwisho wa kamba. Vikarudi. Vikafika tena.

"Kamba hizi mpya," akasema. "Ulizikata?"

"Nilizikata, mama. Sikujua."

Jamani, neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele ya mama yangu. Hata yeye aliinua uso. Nikatoa jiwe dogo shatini nikampa.

Akaanza kusema, na alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza bei ya unga. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya hapa Iringa mnaijua, nyumba yenyewe haijasiribwa. Mtoto aliishi siku sita. Siku ya saba ndiyo angepewa jina, hakuifikia. Watu wakamwambia asihesabu, atazaa mwingine, naye hakumtaja tena kwa mtu yeyote, hata kwa baba yangu. Mjomba alikuja msibani mara moja, akarudi mtoni. Miaka yote mama alidhani amebaki peke yake anayemkumbuka, mpaka Bi Tatu alipotaja mawe matano katika salamu zake. Alihesabu waliokufa, akapata wanne.

"Usiku kucha nilimfunika," akasema. "Nguo zote nilizokuwa nazo. Mwili ulikataa kupata joto."

Mimi nilitaka kunyamaza, lakini mama akaniuliza jiwe lilikuwa wapi, na mama akiuliza hujibiwa.

"Lilikuwa Igawa, mama. Chini ya kuku. Lililaliwa siku mbili."

Alinikazia macho, na nikajua sasa napigwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka, mama yangu, alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, mpaka waliokuja kusoma wakasita mlangoni wasijue kama ni hitima au harusi. Alicheka huku analia, amelishika jiwe kwa viganja viwili. Alipotulia akalipeleka shavuni.

"Bado ana joto," akasema.

Nami nilijua, maana lilikuwa limetoka kwapani mwangu wakati uleule. Nilijua kabisa, na nilinyamaza.